Sentensi Huanzia Mkiani

Mtoto aliyefanya mtihani wa darasa la saba Septemba na kuvaa sare ya sekondari Januari, ukimpa sentensi ya Kiingereza yenye maneno kumi, huianza kwa nguvu na kuimaliza kwa kunong'ona. "My mother is going to the market to buy salt." Mama yupo, safari ipo, lakini kufika sokoni pumzi zimekwisha na chumvi haisikiki. Mwalimu asiyeijua kazi humrudisha mwanzo: tena, kwa sauti! Mtoto hurudia, na hukwama palepale.

Mwalimu anayeijua kazi huishika sentensi hiyo mkiani. "Salt," anasema, na darasa linaitikia. "Buy salt." "To buy salt." Kisha "to the market to buy salt", kisha "going to the market to buy salt", hadi mama mwenyewe anapotokea, wa mwisho kufundishwa na wa kwanza kutamkwa. Katika kila hatua kipya kinatangulia na kilichozoeleka kinafuata, kwa hiyo ulimi unaondoka penye ugumu kwenda penye wepesi. Tena sentensi ya Kiingereza hushusha sauti mwishoni, na ukiijenga kutoka mkiani mshuko huo hauvunjiki hata mara moja. Ukiijenga kutoka kichwani, kila kipande unachokatisha kinashuka mahali pasipo pake, na mtoto anaondoka na wimbo mbovu ambao miaka minne ya sekondari haitaufuta.

Mbinu hii imo katika vitabu vya ualimu na wengi waliopita vyuoni wameisikia. Kuisikia ni jambo moja, na kuitenda mbele ya watoto wanaokaribia themanini, saa nane mchana, bati likiwaka juu ya vichwa, ni jambo jingine. Aliyenionyesha kwamba inatendeka ni binti wa Tukuyu anayejitolea kufundisha Kiingereza katika shule ya sekondari ya kata huko Gorong'a, Tarime. Wanafunzi wanamwita madamu. Wazazi wanamwita mwalimu wa tempo.

Gorong'a ni kata ya Wakurya, nchi ya mahindi, migomba na ng'ombe, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti na si mbali na mpaka wa Kenya. Shule yenyewe ni ya aina ile iliyoenea nchini baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari kuanza mwaka 2004: madarasa machache, uwanja, mlingoti wa bendera, na walimu wasiotosha. Hapo ndipo walimu wa tempo, yaani wa muda, wanapoingia. Madamu shahada anayo, ajira ameomba na anasubiri, na anachopata ni posho inayochangwa na wazazi. Mwezi mwingine fedha, mwingine debe la mahindi. Sitamlilia. Makala za kuwalilia walimu zipo za kutosha, na nyingi haziingii darasani kuona wanachofanya.

Anachofanya kinataka kueleweka pamoja na kazi aliyotwishwa. Watoto hawa wanazungumza Kikurya nyumbani. Shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, ambacho wengi walikikuta shuleni. Wakiingia kidato cha kwanza, baiolojia, jiografia na hesabu vyote vinageuka Kiingereza. Kidaraja cha katikati ni kozi ya maandalizi ya wiki chache, ambayo walimu wameizoea kwa jina la besilaini. Ng'ambo ya mpaka, kule Kehancha, binamu zao Wakurya wa Kenya wameanza kusomea kwa Kiingereza mapema zaidi, na wakija likizo hawasahau kuonyesha.

Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro walichapisha kitabu kizima kuhusu mgogoro huu mwaka 1997, na Qorro kwa miaka mingi amesisitiza jambo ambalo wazazi wetu wengi hawapendi kulisikia: kumfundishia mtoto masomo yote kwa lugha asiyoijua si kumfundisha lugha hiyo. Lugha hufundishwa kama somo, na mtu anayejua kuifundisha. Nakubaliana naye, na ndiyo sababu naona ajabu kwamba tunabishana miaka nenda rudi kuhusu lugha ya kufundishia huku anayeweza kufundisha lugha yenyewe tukimlipa kwa debe.

Kwa madamu, kwanza ni sikio. Wakurya wametaniwa nchi nzima kwa r yao. Kikurya hakina l, kina r inayogonga mara moja kwa ncha ya ulimi, kwa hiyo mtoto anakula lakini anasema anakura, na shule ya msingi amechekwa kwa hilo mpaka ameacha kunyoosha mkono. Kinyakyusa, lugha aliyozaliwa nayo madamu, kina l na hakina r. Kwao barabara ni balabala. Yeye naye alichekwa utotoni, kwa kosa hilohilo likitazama upande wa pili. Nadhani hili limemsaidia kuliko cheti chochote, kwa sababu hacheki na haruhusu kicheko.

Mwalimu mwenye haraka huandika ubaoni "rice" na "lice", wali na chawa, darasa linacheka, kipindi kinakwisha, na hakuna aliyejifunza. Madamu haanzi na ulimi kabisa. Anafunika mdomo kwa daftari ili wasisome midomo yake, anatamka maneno mawili, na wao kazi yao ni kuinua mkono: wa kulia kama ni neno moja limerudiwa, wa kushoto kama ni maneno mawili tofauti. Hakuna anayetakiwa kutamka chochote. Dakika tano kila kipindi, siku baada ya siku, mpaka mikono inaacha kuchunguliana. Hapo ndipo anaposhuka kwenye ulimi, na anachowaambia ni kitu wanachoweza kukijaribu wenyewe: l inaweza kushikiliwa mpaka pumzi ziishe, r yao haishikiki, inagonga na kuondoka. Basi ishikilieni. Darasa zima linavuma "llll" kama mzinga, na kutoka katika uvumi huo anawaongoza kwenda "lamp", "leaf", "long". Mtoto anayevuta l hawezi kuwa anagonga r. Kosa limezuiwa na mwili wenyewe, na hakuna aliyekemewa.

Irabu ndizo zilizonishangaza zaidi. Kiswahili kina irabu tano. Kikurya kina saba, kwa sababu e ni mbili na o ni mbili. Mtoto wa Gorong'a anazitofautisha tangu akiwa mgongoni kwa mama yake, lakini alipofundishwa kuandika kwa irabu tano za Kiswahili alijifunza pia kudhani kwamba mbili zilizobaki ni mambo ya kijijini. Kumbe ndizo mtaji wake. Kiingereza kinatenga "let" na "late", "got" na "goat", na sikio la Kikurya liko karibu zaidi na tofauti hizo kuliko sikio la mtoto wa Dar es Salaam aliyekulia Kiswahili peke yake. Kinyakyusa nacho kina irabu saba, ila chenyewe kimegawanya pengine, kwenye i na u, kwa hiyo madamu kwake "sit" na "seat" hazikumsumbua sana, wakati wanafunzi wake hapo ndipo wanapoteleza.

Haya hakuyapata chuoni. Aliyapata kwa kuwaomba watoto wamletee maneno ya Kikurya ambayo ukiyaandika kwa herufi za Kiswahili yanafanana, lakini bibi zao hawawezi kuyachanganya. Walileta mengi, wakabishana, wakamsahihisha matamshi yake kwa furaha kubwa. Kipindi kile mgeni alikuwa yeye. Kisha akawageuzia: sauti hiyo mnayoitofautisha hapo, iwekeni hapa. Kuna shule zenye kibao getini kinachokataza lugha yoyote isiyo Kiingereza, na nyingine humvika mtoto kidude shingoni akinaswa anazungumza ya nyumbani. Shule za namna hiyo zinalipia chaki kufundisha kitu ambacho mtoto amekuja nacho bure.

Ubao wake sitausimulia kwa kirefu, ingawa unastahili. Umegawanywa mara tatu, na upande wa kushoto kabisa hukaa maneno mapya tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho bila kufutwa, ili aliyepotea ajue pa kurudi. Michoro mikubwa ameichora kwa maka penki kwenye mifuko ya salfeti iliyofumuliwa na kufuliwa: soko, zahanati, stendi, shamba. Salfeti haichaniki, haiogopi mvua, hukunjwa na kutundikwa kwa misumari miwili. Kama kuna chombo cha kufundishia kinachostahili sifa, ni hicho.

Jambo ambalo mgeni anaweza kulikosa ni kimya. Madamu anauliza swali, kisha hataji jina. Akitaja jina kwanza, watoto wengine wote wanapumzika. Anauliza, anatazama madirisha, anapangusa vidole vyake vyenye chaki, na kimya kinakaa mpaka wewe uliyekaa dawati la nyuma unaanza kuona haya kwa niaba yake. Ndipo anataja jina, na jibu linakuja. Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi walimu darasani na katika miaka ya 1970 akaonyesha kwamba kwa kawaida mwalimu akiuliza husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kumrukia mwingine au kujijibu. Walimu waliofundishwa kungoja sekunde tatu au zaidi walipata majibu marefu zaidi, na watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema. Hao walikuwa wakijibu kwa lugha yao. Mtoto anayepaswa kulipokea swali kwa Kiingereza, kulipeleka Kiswahilini, pengine hadi Kikurya, na kulirudisha njia ileile, sekunde tatu hazimtoshi hata kwenda.

Wala hasemi "Mmeelewa?" Kila aliyesoma Tanzania anajua jibu la swali hilo, nalo ni "Ndiyooo" la darasa zima, refu na tamu, lisilo na maana yoyote. Badala yake anawapa kitu cha kutenda. Nyanyua daftari. Lipe jirani wa kushoto. Nenda mlangoni, usiufungue. Aliyeelewa anaonekana, asiyeelewa anaonekana, na huyo wa pili ana nafasi ya kumwiga mwenzake bila kuaibishwa.

Makosa anayarekebisha kwa vidole. Mwanafunzi akisema "She going to market", madamu hasemi kitu. Ananyoosha mkono wa kushoto, kila kidole neno moja, na kwa mkono wa kulia anashika nafasi iliyo wazi kati ya kidole cha kwanza na cha pili. Mtoto anatazama, anahesabu kimoyomoyo, "is!", na anarudia mwenyewe. Maneno mawili yanayoungana, kama "I am" kuwa "I'm", anaviunganisha vidole viwili mbele ya macho yao. Sauti yake inabaki kwa ajili ya Kiingereza sahihi tu. Kosa halitamkwi naye kamwe, kwa hiyo halipati mtu wa pili wa kulikariri.

Nilichokipenda kuliko vyote ni mchezo wa ng'ombe aliyepotea. Wanafunzi wanakaa wawili wawili. Mmoja ni mwenye mali; amechora ng'ombe wake kwenye karatasi na kuificha. Mwenzake ni jirani aliyeona ng'ombe kadhaa njiani, naye ana picha nne mbele yake, na lazima aulize mpaka ajue ni yupi. "What colour is it?" "Has it got horns?" "Which ear is cut?" Vitabu vya zamani vilitufundisha kuuliza "Is this a pen?" huku umeishika kalamu. Muulizaji anajua ni kalamu, mjibuji anajua ni kalamu, na wote wawili wanajua kwamba wanapoteza muda. Hapa swali linaulizwa kwa sababu jibu halijulikani.

Tena linahusu ng'ombe. Mahari ya huku ni ng'ombe, wizi wa mifugo umewahi kuzigombanisha koo, na mtoto wa miaka kumi na minne anaweza kukueleza mnyama kwa rangi, madoa, mkunjo wa pembe na alama ya sikio kwa usahihi ambao mimi wa mjini sinao hata kwa Kiswahili. Ujuzi umejaa, yanayopungua ni maneno. Nilisikia kijana mmoja aliyekuwa kimya tangu asubuhi akimwambia jirani yake, "No, no, the black is here, on the neck, not on the back!" Sarufi yake ina mushkeli. Lakini alikuwa anadai ng'ombe wake kwa Kiingereza.

Mchezo huohuo unaibua mambo mawili ambayo madamu aliyategea. La kwanza ni "it". Kiswahili humpa ng'ombe heshima ya kiumbe: anakula, amepotea. Kiingereza kinamweka kundi moja na jiwe. Darasa liligoma kidogo, na mimi moyoni niligoma nalo. La pili ni gumu zaidi. Watoto hujifunza haraka kwamba -me- ni "has", amekula ni "has eaten", na wanafurahi kupata njia iliyonyooka. Kisha wanakuja na "the cow has stood near the river", kwa kuwa ng'ombe amesimama. Lakini Kiswahili hutumia -me- hiyo pia kwa hali inayoendelea: amesimama, amekaa, amelala, amevaa. Kiingereza hapo kinataka "is standing". Madamu hatoi kanuni. Anamwita mmoja asimame mlangoni na kuuliza darasa kwa Kiswahili: ameshamaliza kusimama, au bado yuko katika kusimama? Kiswahili kinatumika kwa sekunde kumi, mahali maana inapogeukia, kisha kinawekwa pembeni. Nimewaona wanaoogopa Kiswahili darasani, nimewaona wanaojificha ndani yake kipindi kizima. Kukijua kipimo ndiko nisikokuona mara nyingi.

Kuna zoezi moja ambalo madamu halifundishi. Januari, karibu kila mwalimu wa Kiingereza nchini huandikisha insha ya likizo: ulifanya nini, ulikwenda wapi. Ni njia rahisi ya kufundisha wakati uliopita. Huku Desemba ni msimu wa ukeketaji, na wapo wasichana wanaoimaliza likizo katika kituo cha Masanga, kinachowahifadhi wanaokimbia kukatwa. Wapo pia ambao hawakukimbia. Madamu anafundisha wakati uliopita kwa safari ya ng'ombe yuleyule: alitoka zizini, alivuka mto, alikula mahindi ya nani. Hakunieleza sababu mbele ya wenzake. Lakini katika andalio lake la somo nilikuta mstari wa likizo umekatwa kwa rula.

Kujitolea kufundisha Kiingereza ni hadithi ya zamani kwetu, na kwa muda mrefu mhusika wake mkuu alikuwa mgeni. Peace Corps ya Marekani ilileta kundi lake la kwanza Tanganyika mwaka 1961, wakiwa wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, walimu walifuata. Hadi leo vijana wa Ulaya na Marekani hupanda ndege kwenda kujitolea katika shule za mashambani, na wengi hurudi kwao baada ya muhula. Wengine hawakurudi. Richard Mabala alikuja kutoka Uingereza akiwa kijana wa kujitolea, akafundisha, akachukua uraia wa Tanzania, na akaandika "Hawa the Bus Driver", kitabu ambacho vizazi vya kidato cha kwanza na cha pili vimekisoma. Nakala iliyopo Gorong'a haina jalada. Madamu huisoma kwa sauti Ijumaa, kurasa mbili tu, na kukatiza mahali pabaya makusudi ili Jumatatu wamuulize.

Mgeni mwenye Kiingereza cha kuzaliwa ana matamshi ambayo madamu hana, na yeye mwenyewe hulisema hilo bila haya. Asichonacho mgeni ni kumbukumbu ya kutoijua lugha hiyo. Madamu anakumbuka mwaka aliosikia tofauti ya "rice" na "lice", na mwaka alioacha kutafsiri kichwani. Ameyapanga masomo yake kwa kumbukumbu hizo zaidi ya kwa muhtasari wa wizara, ingawa muhtasari nao anaufuata, maana mkaguzi huja.

Akipangiwa kituo kesho anaweza kujikuta Lindi au Katavi, na wa tempo mwingine atashika chaki yake. Kwa ajili ya huyo ameanza daftari kubwa la kaunta, ambalo kila ukurasa una kosa moja la watoto wa hapa: linatoka wapi, alilijaribu vipi, nini kilishindikana. Ukurasa wa r na l umejaa pande zote mbili. Wa "amesimama" una mchoro wa mlango. Wa "it" una mgogoro mzima, pamoja na hoja za darasa. Nilimwomba anionyeshe ukurasa wa "the", kwa sababu Kiswahili hakina kitu cha namna hiyo na mimi mwenyewe bado hukibahatisha. Alicheka na kuufungua: mistari mitatu iliyoanzwa na kukatwa, na chini yake, kwa penseli, "Waulize tena muhula wa pili."